Wasikivu wa Kinamasi

Kila Jumamosi saa saba mchana, fundi miwani aligeuza kibao cha mlangoni upande ulioandikwa "Tumefunga", akafagia unga wa lenzi uliotapakaa chini ya mashine ya kusagia, kisha akaitandaza nchi nzima mezani. Nchi hiyo ilikuwa imechorwa nyuma ya chati kuukuu ya kupimia macho. Mbele kulikuwa na zile herufi zinazoanza kubwa kama kiganja na kuishia ndogo kama sisimizi. Nyuma kulikuwa na milima, mito saba, miji kumi na tisa, na kwenye kona ya chini doa la chai iliyomwagika mwaka wa kwanza. Juu ya doa fundi alikuwa ameandika "Kinamasi, hakuna njia", ili lisionekane kosa. Ndivyo alivyokuwa. Hakupenda kukosea mbele ya watu, na alipokosea alilitafutia kosa lake jina zuri.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni hivi. Mmoja anakuwa msimulizi. Anasema mko langoni mwa mji, mvua inanyesha, mlinzi anauliza mmetoka wapi. Waliobaki kila mmoja ana shujaa wake na anasema shujaa huyo anafanya nini, halafu dadu zinarushwa kuamua kama amefaulu au ameumia. Hakuna anayeshinda. Watu wazima wenye mvi wanakaa saa tano kuzunguka meza wakiogopa joka ambalo hakuna aliyeliona. Ukitaka kuwacheka ni haki yako, wao wenyewe walishajicheka mpaka wakachoka.

Wachezaji walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa dada yake fundi, mkubwa wake kwa miaka sita, muuguzi. Wiki nzima aliwafunga watu vidonda na kuwabembeleza wameze dawa, na Jumamosi alikuwa jambazi mwenye visu tisa asiye na subira na mtu. Mume wake, yaani shemeji, alifundisha hesabu, na shujaa wake alikuwa jitu lisiloweza kuhesabu kupita tatu. Maadui wakiwa wanne, jitu lilisema wako watatu, na yule. Wa mwisho hakuwa ndugu. Alikuwa rafiki wa fundi tangu shule, mtunza stoo wa hospitali, mtu mpole aliyeshinda nyuma ya dirisha la waya akigawa glavu na mashuka kwa fomu. Mkewe alikuwa akimwita Stoo, na mkewe alipoondoka jina lilibaki.

Stoo ungeweza kukaa naye siku nzima ukapata maneno kumi. Lakini shujaa wake, aliyeitwa Mpwa, alikuwa mtu mwingine kabisa. Kila mji walioingia, hata mji wa Wenye Magamba ambao hawakuwahi kuona binadamu, Mpwa alikuwa na shangazi pale. Stoo angenyoosha mgongo, sauti ingebadilika, na angesema ngojeni kwanza, si hapa ndipo anapokaa shangazi yangu yule mwenye jino la dhahabu? Na shangazi angetokea, angewapa pa kulala, angewagombeza kwa matope ya viatu vyao. Dada aliwaorodhesha nyuma ya daftari lake. Miaka kumi na mmoja, mashangazi kumi na saba. Mezani Stoo alimwita dada "dada" na mwalimu "shemeji", na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwuliza udugu huo umepitia wapi.

Siku moja dada alilalamika kwamba nchi imezeeka. Kila kichochoro wanakijua, kila mchawi wamemfunga kamba. Alitaka watu wapya, watu wa nguvu za akili, wanaosikia mawazo ya mwenzao au kuinua jiwe kwa kulitazama tu. Shemeji akaunga mkono. Stoo akasema itafaa, mradi wasiwasumbue mashangazi.

Fundi alijikuna kichwa wiki mbili. Nchi ya miaka kumi na mmoja si sufuria ya kuongezea maji tu. Kama kuna watu wanaosikia mawazo, kwa nini iliwachukua mashujaa miaka miwili kumpata msaliti aliyemtilia mfalme sumu? Msikivu mmoja angemaliza kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana. Na kama kuna watu wanaoinua mawe kwa akili, kwa nini lile lango la chuma lilivutwa kwa kamba Jumamosi tatu mfululizo, mpaka shemeji akaumwa mgongo kwa huruma? Ukiwatupa watu hawa katikati ya nchi hivi hivi, historia yote inageuka upuuzi. Mwenye mchezo mwingine angesema wametoka mwezini, yakaisha. Fundi alikuwa na kiburi cha kazi, hakukubali.

Jibu alilipata kwenye doa la chai. Zamani, akaandika, walikuwa kabila moja, wakagawanyika. Wabebaji huinua chochote kisicho na uhai, lakini kila wakiinua husahau siku moja ya maisha yao, kwa hiyo huinua kwa nadra. Wasikivu husikia mawazo ya mtu aliye karibu kiasi cha kushikana mikono, wala hawawezi kusahau walichosikia, na ndiyo maana waliwakimbia watu wakajificha kinamasini. Mfalme wa kale alifanya nao mapatano: wao wasitoke, naye ataamuru kila ramani iandikwe "hakuna njia". Basi chai iliyomwagika ikawa sheria ya nchi. Fundi alicheka peke yake mbele ya mashine, kichwa kimemvimba.

Angeishia hapo pangekuwa pazuri. Lakini alitaka ionekane kwamba Wasikivu walikuwepo siku zote, tangu safari ya kwanza. Mashujaa walikuwa wamepita kando ya kinamasi mara kumi na moja. Kila walipopita, akaamua, Msikivu mmoja alilala kwenye matete, karibu kabisa na njia, akasikia wanachowaza, akakiandika. Kitabu cha Waliosikika. Kingesomwa mezani, na kila mchezaji angeshangaa kusikia moyo wa shujaa wake mwenyewe.

Hapa ndipo alipokosea, na ni kosa linaloweza kumpata msimulizi tu. Shujaa wa mchezo hana mawazo. Ana upinde, ana nguvu kadhaa zilizoandikwa kwa penseli, na ana mtu anayemsemea. Ukitaka kujua anawaza nini, huna pa kuchungulia isipokuwa ndani ya huyo mtu.

Aliandika wiki tatu, kazini, kati ya mteja na mteja. Siku moja alimkatia mama mmoja lenzi ya kushoto kwenye tundu la kulia, mama wa watu akapanda ngazi isiyokuwepo. Ukurasa wa jambazi ulikuwa rahisi: anawaza visu, na nani ataosha vikombe. Wa jitu ulimchekesha mwenyewe: linajua kuhesabu vizuri sana, linajifanya tu lisije likaombwa kugawa nyama. Kisha akafika kwa Mpwa, kalamu ikateleza yenyewe. Unajua zile siku ambazo kazi inakwenda vizuri mpaka mtu hajiulizi inakwenda wapi.

Jumamosi ilipofika alikisoma kitabu kwa sauti ya mzee wa Wasikivu, nzito na ya polepole, huku amefunika kichwa kwa kile kitambaa cha kufutia miwani. Dada alicheka ya visu. Shemeji alicheka ya nyama mpaka akakohoa. Fundi akageuza ukurasa.

"Na huyu aitwaye Mpwa," akasoma, "katika miji yote hana shangazi hata mmoja. Huwaendea wanawake wasiomjua akawaita shangazi, nao humwonea huruma wakaitika. Hufika mjini kabla ya wenzake, akauzunguka ukuta mara nne mpaka lango lifunguliwe, asije akaonekana ana hamu. Hawazi vita wala dhahabu. Anawaza siku watakayomwambia safari imekwisha, kwa sababu nyumbani hakuna mtu."

Shemeji alikuwa bado anacheka ile ya nyama. Hana ubaya, shemeji, ila ulimi wake hutangulia. Akasema kumbe ndiyo maana yeye na mkewe wakiwahi Jumamosi humwona Stoo kule kona ya ghala la mbao, anatembea tembea. Akaisema yote, mpaka mwisho, na ilipokwisha ndipo alipoisikia. Dada akaweka mkono juu ya mkono wake, akachelewa.

Stoo hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Aliangalia dadu zake, akauliza zamu ni ya nani. Wakacheza. Waliingia mji wa ishirini, mji mpya kabisa, na mlinzi akauliza kama wana mtu wanayemjua humo ndani. Meza nzima ikangoja.

"Hapana," Stoo akasema. "Tutalala nje."

Mchezo ulipokwisha aliosha vikombe kama kawaida yake, akavipanga kwa ukubwa, akatia dadu zake kwenye kiberiti kitupu anamozibeba, akaaga kila mtu. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata.

Fundi aliona aibu, na aibu hiyo haikuwa ya kumwuma ikapita. Ilihamia kwake na mizigo yake. Ilikuwa naye akinyoosha fremu juu ya moto, ilikuwa naye akimwambia mteja soma mstari wa tatu. Alijaribu kujitetea mbele yake mwenyewe: aliandika juu ya Mpwa, hakuandika juu ya Stoo, ni mchezo, shemeji ndiye aliyeropoka. Kila utetezi ulisimama muda wa kumaliza lenzi moja ukaanguka. Jumatano alipiga moyo konde akaenda hospitali.

Dirisha la stoo lilikuwa chini ya ngazi. Stoo alikuwa ndani, anahesabu maboksi ya glavu kwa kuyagusa moja moja kwa penseli. Alimwona, akaja.

"Una fomu, bwana?"

Tangu wakiwa na kaptula za shule hakuwahi kumwita bwana. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimkauka fundi mdomoni, akasema lile ambalo alikuwa ameapa hatalisema, kwamba ulikuwa mchezo tu.

Stoo aliiweka penseli sikioni. Akasema ya mashangazi hayakumwuma, kila mtu alijua mashangazi ni wa kutunga, wangesomwa hata kwenye kipaza sauti angecheka na wenzake. Halafu akasogea karibu na waya.

"Nikuulize kitu kimoja. Umejuaje ni mara nne?"

Fundi akayatazama maboksi ya glavu.

"Kuzunguka, mtu anaweza kuniona mara moja akasema nazunguka. Shemeji ameniona. Lakini nne naijua mimi peke yangu. Saa sita mpaka saa saba, mara nne. Sijawahi kumwambia mtu."

Sasa niseme nilichokuwa nimekiacha. Meza ya kazi ya fundi iko dirishani, kwa sababu kuingiza lenzi kwenye fremu kunataka mwanga wa jua. Kioo cha dirisha kina karatasi nyeusi yenye picha ya jicho, imetobolewa katikati kupitisha mwanga, na kwa aliye nje mchana tundu hilo ni kama kioo cha kujitazamia. Kila Jumamosi Stoo alipita, akasimama pale, akaweka kola yake sawa, akalamba kidole akalaza nyusi. Upande wa pili, hatua moja kutoka kwenye uso wake, fundi alikuwa ameketi na bisibisi mkononi, anamtazama.

"Meza yangu iko dirishani," fundi akasema.

Stoo aliifikiria sentensi hiyo, na fundi aliona usoni pake inafika. Mkono wake ulikwenda kwenye kola ukarudi.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili."

"Na mlango?"

"Ulikuwa wazi. Haukuwa umefungwa kwa ufunguo."

Mhudumu mmoja alikuja na fomu ya mashuka sita. Stoo aliisoma, akayaleta mashuka, akamwonyesha pa kutia sahihi. Mhudumu alipoondoka akasema, bila kupandisha sauti, "Wiki ina saa nyingi, bwana. Mimi nilikuwa na tano tu za kuwa mtu mwenye watu." Kisha akarudi kwenye maboksi yake, akaanza kuhesabu upya.

Jioni ile fundi alikwenda kwa dada. Alikuwa na mpango. Mafuriko yatakuja, kinamasi kitazama, Wasikivu wote watakwenda na maji pamoja na kitabu chao, na historia itarudi kama zamani. Dada alikuwa anapasi sare yake ya kazini. Alimsikiliza mpaka mwisho huku pasi ikipanda na kushuka.

"Wasikivu hawana kosa, mdogo wangu," akasema. "Ukurasa wako uko wapi?"

Fundi akamweleza, kama vile dada hajui, kwamba msimulizi hana shujaa.

"Hana. Lakini pale kinamasini alipita na sisi mara zote kumi na moja."

Ukurasa huo ulimtoa jasho kuliko kitabu kizima. Mara ya kwanza aliandika kwamba Jumamosi asubuhi ana kazi nyingi, hawezi kupokea wageni. Akauchana. Mara ya pili aliandika kwamba hakutaka kumwaibisha rafiki yake kwa kumwonyesha amemwona. Huo ulikuwa mzuri, ulikaribia ukweli kiasi cha kumshawishi, akalala nao usiku mmoja, asubuhi akauchana pia. Uliobaki ulikuwa mfupi.

"Huyu msimulizi," aliandika, "wiki nzima watu humjia kwa sababu hawaoni. Mmoja tu humjia kwa ajili yake. Huyo humwacha nje saa nzima, ili amtazame akimjia mara nne. Anapenda kungojwa. Anaona haya, na anapenda."

Aliupeleka hospitali. Stoo alipouliza fomu, fundi akapitisha karatasi chini ya waya. Stoo aliitazama juu juu kama anavyozitazama zote, akaipiga muhuri wa "Imepokelewa", akaitia tarehe, akaiweka kwenye trei pamoja na za glavu. Kama aliisoma baadaye, fundi hakujua. Alirudi dukani mikono mitupu, akafanya kazi yake.

Jumamosi hiyo alimaliza oda mapema. Saa sita kasoro alibandua picha ya jicho kwenye kioo, akafungua mlango mpaka ukagota ukutani, akatoa viti viwili akaviweka nje juu ya kibaraza. Akakaa kwenye kimoja. Hakuwa na bisibisi wala kitambaa cha kushika, mikono ikamsumbua.

Saa sita kamili Stoo alitokea kona ya ghala la mbao, kiberiti chake cha dadu kimevimba mfukoni mwa shati. Alimwona fundi, akaona mlango, akaona viti. Akapita. Hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Alipofika kwenye kioo hakutazama.

Fundi akainuka akamfuata, hatua tatu nyuma. Walipita ghala la mbao, wakapita kituo cha mafuta, wakapita ukuta mrefu wa nyuma ambako hakuna kivuli hata cha kusingizia, jua likiwapiga utosini. Ulikuwa mzunguko mrefu kuliko fundi alivyodhani. Kwa miaka kumi alikuwa ameuona upande mmoja tu, ule wa dirisha lake. Mzunguko wa pili viatu vikaanza kumbana. Wa tatu walipita kwa fundi viatu, ambaye hukaa nje na sindano yake na huona kila kitu.

"Leo mmekuwa wawili," fundi viatu akasema, akimwelekea fundi miwani kwa sababu Stoo alikuwa ameshapita. "Afadhali. Huyu mwenzako kila wiki namkaribisha kiti, anakataa. Ananiambia asante, kuna watu wananingoja."

Fundi miwani alimshukuru, ndiyo, alimshukuru, akaendelea kutembea. Uso wake haukuwa na pa kuwekwa. Alitamani Stoo asiwe amesikia, na alijua amesikia, maana shingo ya mtu husema.

Mzunguko wa nne ulipokwisha walifika mlangoni. Dada na shemeji walikuwa wameshaingia, ramani imetandazwa, vikombe vimepangwa. Shemeji alikuwa ameinama juu ya dadu zake kama mwanafunzi aliyeambiwa asigeuke. Fundi alisimama kando ya mlango.

"Karibu," akasema.

Stoo aliangalia saa iliyo ukutani ndani. Ilikuwa bado dakika kumi.

"Muda haujafika," akasema, akakaa kwenye kiti cha nje.

Fundi akakaa kwenye kile kingine. Watu walipita na vikapu, na mafundi wa ghala, na mama mmoja mwenye miwani ambaye sasa lenzi zake zilikuwa kwenye matundu yake, akawasalimu. Wote waliwaona, watu wazima wawili nje ya mlango ulio wazi, wanangoja. Dakika kumi. Fundi hakuwahi kujua ni ndefu namna ile. Aliwaza Jumamosi zote za miaka kumi, akaanza kuzizidisha kwa dakika sitini, akashindwa, na tofauti na lile jitu hakuwa anajifanya.

Saa saba Stoo akainuka. Akatoa kiberiti mfukoni, akakitikisa kidogo kusikia kama dadu zote zimo.

"Haya, Fundi," akasema, akaingia.

Fundi alibaki nje kidogo, akavikunja vile viti taratibu, kimoja kimoja. Ndani alimsikia dada akiuliza mashujaa walilala wapi mara ya mwisho, na Stoo akimjibu kwamba walilala nje ya mji, kwenye baridi.